Mgeni Njoo, Ila Kilele Hatuuzi

Gari lilikuwa jeupe, refu, la aina ambayo haijazoea njia zetu. Lilipanda kutoka Nunguni Jumamosi asubuhi, likakwama kwenye kona ya pili, na vijana wawili wa bodaboda wakalisukuma hadi likatoka. Mwenye gari, bwana wa makamo kutoka Nairobi, alishuka, akasimama ukingoni mwa shamba la jirani yangu na kulitazama bonde lote mpaka kule chini ambako malori ya barabara ya Mombasa huonekana kama siafu. Alikaa kimya kidogo. Kisha akanigeukia.

"Mzee, nyinyi mmekalia pesa na hamjui."

Alitaka ekari tatu za kilele. Vijumba kumi na viwili vya mbao, bwawa la kuogelea linalotazama bonde, na jiko la kuokea pizza. Michoro alikuwa nayo kwenye simu. Alipotaja bei, jirani yangu alitafuta jiwe akakaa.

Sina ugomvi na bwana yule. Alikuwa mpole, alikunywa uji tuliompa akaumaliza, na vijana wa bodaboda aliwalipa vizuri. Lakini nilimshauri jirani yangu asiuze, na tangu siku hiyo kijijini wananiuliza imekuwaje mimi, kati ya watu wote wa milima hii ya Kilungu, ndiye niliyekataa watalii. Wanauliza kwa haki. Utalii ndio ulionisomeshea watoto wanne.

Nilianza udereva wa magari ya watalii mwaka 1994 nikaacha 2016. Kampuni iliyoniajiri sitaitaja. Ilinilipa, mara nyingine kwa kuchelewa, na ilinifunza kusema karibu kwa lugha nne. Njia yetu ilikuwa Nairobi, Emali, Amboseli, Tsavo Magharibi, Mombasa, kisha kurudi. Karibu kila wiki nilipita Salama, chini kabisa ya milima niliyozaliwa, nyuma yangu wageni saba waliovuka bahari kuja kuiona Afrika, na kwa miaka 22 sikumpandisha hata mmoja wao Kilungu. Hata maji ya kunywa tulitoka nayo Nairobi. Chakula cha mchana kilikuwa kwenye maboksi. Kina mama wa Emali walikimbilia madirishani na mifuko ya machungwa, nami kwa agizo la ofisi nikapandisha vioo.

Mahali pekee tuliposimama ni kwenye duka la vinyago. Sitasema lipi, maana kwa hili yanafanana yote. Mgeni anateremka kujisaidia, na choo kimewekwa nyuma kabisa, baada ya twiga wa mbao, baada ya ngao, baada ya vyondo. Dakika 20. Akinunua kitu, dereva ana chake. Tuliita chai, na kuna siku ambazo chai ilizidi mshahara wa wiki nzima.

Siku moja, nadhani ilikuwa 1997, niliona kwenye rafu swala mwenye shingo iliyopinda kushoto. Nilimjua pale pale. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mchongaji Changamwe, na swala wake wote waligeukia kushoto kwa sababu jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho na alipenda kufanyia kazi upande aliouona. Mama mmoja Mjerumani alimnunua swala yule kwa shilingi 1,800. Chai yangu ikawa 180. Nilipofika Mombasa nilimuuliza mjomba, kwa kuzungukazunguka, swala wa kimo kile huwauzia mawakala kwa bei gani. Akasema 150.

Yaani mimi niliyefungua tu mlango wa gari nilipata zaidi ya aliyechonga. Sikuwahi kumwambia. Alifariki akiamini kwamba watalii ni watu wanaopenda kupunguza bei.

Ninaikumbuka hesabu ile kila ninaposikia mazungumzo ya utalii endelevu. Neno hili limekuwa kubwa. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2017 kuwa mwaka wa kimataifa wa utalii endelevu kwa maendeleo, na tangu hapo kila hoteli imeweka kadi bafuni ikimwomba mgeni atumie taulo mara mbili. Si vibaya. Lakini mimi maana yake naijua kwa methali tuliyofundishwa darasa la tatu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali ni lile lile moja. Mgeni amekuja, ameona, amelala, ameondoka. Je, mwenyeji amepona?

Mjomba hakupona, na mti haukupona pia. Uchongaji wetu sisi Wakamba una historia inayojulikana. Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kuchonga kwa Wazaramo, akarudi na ufundi huo nyumbani, nao ukaenea Ukambani kama moto wa kiangazi. Kufikia 1963 kulikuwa na chama cha ushirika cha wachongaji pale Changamwe, na wanaume wa Ukambani waliteremka pwani kwa maelfu. Watalii walitaka kinyago cheusi, kizito, kwa hiyo tukakata mpingo. Mpingo ulipoadimika tukahamia muhugu, mti unaohitaji miaka mingi mno kuwa mnene wa kuchongeka, tukaufuata mpaka ndani ya misitu ya pwani. Katika miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba wachongaji wa Kenya walitumia zaidi ya miti 50,000 kwa mwaka. Mjomba aliponiambia kwamba gogo la muhugu sasa linatoka mbali na limepanda bei, nilidhani analalamika kama wazee wanavyolalamika.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba mwarobaini uliokoa baadhi ya wachongaji. Shirika la WWF, UNESCO na bustani ya mimea ya Kew kule Uingereza walikuja na hoja rahisi: mti huu umejaa mashambani pwani, unakua haraka, wadudu hawaupendi, na unachongeka. Wazee walicheka kwanza. Mwarobaini ni dawa ya malaria, nani atachonga dawa? Lakini wakulima wa pwani walianza kuuza miti yao kwa wachongaji, na katika miaka ya 2000 vinyago vya mwarobaini vikapata cheti cha kimataifa cha mbao zilizovunwa kwa utaratibu. Mkulima akapata, mchongaji akaendelea na kazi, msitu ukapumua. Hakuna aliyemkataza mtalii kununua swala. Kilichobadilika ni mti uliokatwa na mtu aliyelipwa.

Sasa nirudi mlimani.

Msomaji ambaye hajafika Kilungu huenda akadhani Makueni yote ni vumbi na mibuyu. Huku juu ni baridi. Mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka mlangoni, na tunavaa makoti tukiwahurumia jamaa zetu wa Kibwezi wanaotokwa na jasho usiku. Tuna avokado, kahawa kidogo, na mteremko mkali kiasi kwamba boga likikuponyoka utalifuata kwa jirani. Kinachouzuia udongo usiende zake ni matuta. Ukisimama pale aliposimama yule bwana wa gari jeupe, unaona mlima mzima umekatwa ngazi kutoka bonde hadi kilele, moja juu ya nyingine, na kwenye kingo zake nyasi za nepia. Alipoyaona alisema ni mazuri kama Bali. Sijafika Bali. Lakini najua nani alichimba haya.

Susu yangu, yaani nyanya mzaa mama, alichimba awamu mbili. Awamu ya kwanza aliichukia mpaka anakufa. Mwaka 1937 ofisa wa udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliieleza nchi ya Wakamba kuwa inaangamia kwa mmomonyoko, na dawa ya serikali ikawa amri. Ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu, mpaka Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi mwaka 1938 kudai mifugo yao. Baadaye ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta chini ya uangalizi wa chifu. Susu alisema walichimba mchana, na usiku wakaomba mvua iyabomoe.

Awamu ya pili ilikuja baada ya uhuru. Safari hii wanawake wenyewe walikusanyika katika mwethya, vikundi vyetu vya kusaidiana, leo shamba la huyu na kesho la yule, wakiimba. Walichimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu ili ujenge ukingo, na mvua ikalisawazisha shamba mwaka baada ya mwaka. Njia hii inaitwa fanya juu, na ukifungua vitabu vya Kiingereza vya kuhifadhi udongo utaikuta imeandikwa vivyo hivyo, fanya juu, kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1994, mwaka ule ule nilioanza kupandisha vioo vya gari mbele ya kina mama wa Emali, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano na bado udongo ulishikwa vizuri kuliko zamani. Wataalamu wa dunia walishangaa. Susu hakushangaa. Aliniambia, "Lile la kwanza lilikuwa tuta la chifu. Hili ni tuta langu."

Utalii nao ni hivyo hivyo, na ndiyo sababu sitaki kilele kiuzwe. Bwana yule akinunua, matuta yatakuwa picha ya kupamba dirisha lake na sisi tutakuwa watu wa kwenye picha. Ataajiri askari wawili, wapishi, wasichana wa kutandika vitanda. Jirani yangu atapata pesa mara moja, atajenga nyumba ya mawe, atanunua probox, na baada ya miaka mitano watoto wake watakuwa wanaomba kazi ya kufagia juu ya kaburi la babu yao. Nimeliona hilo kwa macho yangu pwani, kuanzia Diani hadi Watamu.

Halafu kuna maji. Hapa ndipo nilipomuuliza yule bwana swali ambalo hakulipenda: bwawa lako la kuogelea litajazwa kwa maji gani? Alisema atachimba kisima. Chini ya kilele hicho kuna chemchemi inayotegemewa na kijiji chetu chote, na ikifika Septemba inatoa maji ya unene wa kidole, wanawake wakipanga mitungi tangu saa kumi alfajiri. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 kuhusu vijiji vya utalii vya Zanzibar ulikuta kwamba chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia wastani wa lita 686 za maji kwa siku, na nyumba ya mwanakijiji, pamoja na wote waliomo, lita 93. Zanzibar ni kisiwa cha mvua nyingi kuliko sisi. Zidisha vijumba kumi na viwili, kisha uongeze bwawa.

Mchanga wa kujengea nao ungetoka wapi kama si Mto Kaiti? Makueni tulitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya malori ya Nairobi kutuachia mito iliyobaki mawe. Mchanga ndio tangi letu. Maji ya mvua hujificha ndani yake na kina mama huyachimbua wakati wa kiangazi. Maghorofa ya Nairobi mnayoyaona yana sehemu ya maji yetu ndani ya kuta zake.

Wala si sisi tu tunaouliza maswali haya. Ufilipino ilifunga kisiwa kizima cha Boracay kwa miezi sita mwaka 2018 kwa sababu majitaka ya hoteli yalikuwa yanaishia baharini. Venice ilianza mwaka 2024 kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku za msongamano. Hao walichelewa. Afadhali kuuliza sasa, mlima ukiwa bado una ukungu na jogoo.

Pia kuna waliofanya vizuri, tena karibu. Il Ngwesi kule Laikipia, Wamaasai wenyewe ndio wenye hoteli tangu 1996. Hawakuuza ardhi, walikaribisha wageni juu yake. Chumbe, kisiwa kidogo cha Zanzibar, kimehifadhi matumbawe yake tangu 1994, na vijumba vyake vinakusanya maji ya mvua kwenye paa na vyoo havitumii maji. Wageni wanalipa ghali kulala humo! Gazi, kusini mwa pwani yetu, wanawake wanawatembeza wageni juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko na fedha zinabaki kijijini. Na majirani zetu wa Kitui wana jiwe la Nzambani, ambalo kila mtoto wa Ukambani ameambiwa kwamba ukilizunguka mara saba unageuka, mwanamume kuwa mwanamke na mwanamke kuwa mwanamume. Watu wanasafiri kwenda kupanda jiwe kwa ajili ya hadithi. Mpingo ulikatwa ukaadimika. Hadithi ya Nzambani imesimuliwa tangu enzi za babu zetu na bado iko nzima. (Nilifika mara ya sita nikaacha. Mke wangu alikuwa ananitazama.)

Najua nitakavyojibiwa. Vijana wameshaniambia usoni: mzee, wewe ulikula chai yako ya utalii, sasa unatufungia kikombe. Wana haki ya kusema hivyo. Kazi hakuna, na avokado ikipata bei wakala ndiye anayeisikia kwanza. Lakini nawakumbusha jambo ambalo mtu aliyefanya kazi hii hawezi kulisahau: mtalii ni mvua ya vuli, kuna mwaka haiji. Baada ya bomu la 1998 jijini Nairobi niliegesha gari. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 niliegesha tena, miezi. Treni mpya ilipoanza 2017, maduka mengi ya barabarani yalibaki na twiga wao. Na mwaka 2020, kwa sababu ya korona, wageni waliokuja Kenya hawakufika hata laki 6, ilhali mwaka uliotangulia walipita milioni 2. Mwenye shamba alirudi shambani. Aliyekuwa ameuza shamba ili awe mfagiaji wa hoteli, alirudi wapi?

Mwaka 2024 Kenya ilipokea takriban wageni milioni 2.4 wa kigeni. Sisi hatuhitaji hata elfu moja. Kilungu ni nyembamba, njia zake ni za mguu, na watu kumi kwa siku wanatosha kulijaza tuta. Tena si lazima wawe Wazungu. Walimu na wanafunzi wao kutoka Nairobi, wakulima wa kaunti nyingine, wataalamu wa udongo wanaoisoma fanya juu vitabuni: hao ndio wageni ambao mlima huu unao cha kuwaonyesha, na hawahitaji bwawa.

Nilichomwambia jirani yangu ni hiki. Ardhi isiuzwe. Kama bwana yule anataka kweli, akodishe kwa miaka michache, mbele ya bodi ya ardhi, mke na watoto wakiwa wamekaa pale na kuelewa kila mstari. Vijumba vinne, si kumi na viwili. Matangi ya mvua kabla ya msingi wa kwanza. Bwawa hapana, na hapo sitarudi nyuma hata akinipa la kwangu. Mahali pa kale pa ibada, ithembo, penye mikuyu mikubwa, hapana picha na hapana njia ya kupita. Mwongozaji atoke kijijini na alipwe na mgeni mkononi, bila dereva wa chai katikati. Vyondo viuzwe na waliovisuka, bei imeandikwa, na mgeni aambiwe jina la msusi.

Na kama hataki masharti hayo, tunaweza kuanza bila yeye. Nyumba tatu za mlimani tayari zina chumba cha ziada kwa sababu watoto wamehamia mijini. Mamlaka ya Usimamizi wa Utalii hutoa leseni kwa nyumba za watu wanaopokea wageni; kazi ni kuziba paa, kuchimba choo kizuri, na kuacha kuwapikia wageni tambi tukidhani ndizo wanazotaka. Mkeo apike muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa. Mgeni amekuja kula usichokula wewe Jumapili kwa nini?

Bwana wa gari jeupe alipiga simu wiki iliyopita. Hakukasirika. Aliuliza kama vijumba sita vinaweza kufikiriwa, na jirani yangu akamwambia atauliza mlimani kwanza. Tunakutana Jumapili ya pili ya mwezi ujao baada ya ibada, chini ya mwembe karibu na chemchemi, na nawaomba wana Kilungu walioko Nairobi, Mombasa na kwingineko, wenye mashamba huku na ambao pia wamepigiwa simu na watu wa magari meupe, wafike kabla hawajatia sahihi chochote.

Na wewe msomaji usiye wa Ukambani, ukitoka Nairobi na kufika Salama, pinda kushoto. Vaa viatu vya kutembea. Uji tutakupa, matuta utayaona, na chupa za plastiki utakazokuja nazo utarudi nazo.